Geji ya Dereva: Jinsi Watu Walivyopata Kuona Ndani ya Injini

(Somo hili lilisomwa redioni. Limepigwa chapa hapa ili vikundi vya watu wazima vilirudie polepole. Mwalimu wa kikundi asome kwanza kwa sauti, kisha kila mwanafunzi asome fungu moja.)

Somo letu la leo ni la historia, lakini halina wafalme wala vita. Ni historia ya kitu kidogo cha mviringo, upana wake kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Kina kioo, kina nambari, na kina mshale mmoja. Jina lake ni geji. Litenge neno hilo: ge-ji. Kazi ya geji ni kumwonyesha mtu jambo ambalo macho yake hayawezi kuliona.

Nitaanza na jambo nililoliona mwenyewe. Mwaka mmoja nilisafiri na lori lililochukua vitabu vya kusomea kwenda Iringa. Dereva alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miaka mingi barabarani. Tulipofika Kitonga, ule mlima ambao kila dereva wa njia ya Morogoro na Iringa anaujua, lori likaanza kupanda polepole kwa gia ndogo. Katikati ya mlima injini ikabadilisha sauti. Ikagonga mara tatu, nne, kisha ikanyamaza. Dereva akashuka, akalala chini ya gari, akatoka na mikono myeusi. Bomba dogo la oili lilikuwa limepasuka, na oili yote ilikuwa imemwagika njiani. Vyuma vimesagana vikavu mpaka vimeshikana. Injini imekufa.

Sasa sikiliza. Katika dashibodi ya lori lile palikuwa na taa nyekundu ya oili. Ingewaka, dereva angesimama mara moja na injini ingepona. Haikuwaka. Balbu yake ilikuwa imeungua zamani na hakuna aliyejua. Tajiri wa lori alipokuja alisema dereva ni mzembe. Dereva akasema, "Tajiri, taa haikuwaka." Tajiri akajibu, "Ungesikia kwa sauti." Yule mzee akaachishwa kazi palepale, na mshahara wa mwezi ule hakuupata.

Tangu siku ile nimejiuliza swali moja: mtu atajuaje yanayotendeka ndani ya chuma kilichofungwa? Swali hilo ni la zamani kuliko motokaa. Liliulizwa kwanza na watu wa mitambo ya mvuke.

Mtambo wa mvuke ni pipa la chuma lenye maji yanayochemka. Mvuke ukizidi ndani, pipa hupasuka na kuua watu. Kwa hiyo ilikuwa lazima kupima msukumo wa mvuke. Zamani walipima kwa zebaki, ile madini iliyo kama maji. Mvuke uliisukuma zebaki ipande katika bomba la kioo. Kipimo hicho kilikuwa cha kweli, ila kilikuwa na taabu kubwa. Kupima msukumo wa ratili 100 kwa kila inchi ya mraba, ulihitaji bomba lenye urefu wa zaidi ya mita 5. Nani atasafiri na bomba la kioo la mita 5 juu ya garimoshi?

Mfaransa mmoja, jina lake Eugène Bourdon, ndiye aliyefungua njia. Alikuwa fundi wa Paris, hodari wa kutengeneza mitambo midogo ya mvuke ya kufundishia. Inasimuliwa kwamba siku moja bomba lake lililokunjwa kama nyoka lilibonyea. Ili lirudi katika umbo lake, alilisukuma kwa nguvu kutoka ndani. Bomba likaanza kujinyoosha! Hebu fikiri mpira wa kumwagilia maji uliokunjwa chini. Ukifungua maji kwa nguvu, mpira hujitikisa na kutaka kunyooka. Ndivyo lilivyofanya bomba la Bourdon. Akachukua bomba jembamba, bapa, lililopinda kama mundu. Ncha moja akaifungia kwenye mvuke, na ncha ya pili akaiunganisha na mshale. Msukumo ukipanda, bomba hunyooka kidogo na mshale husogea. Mwaka 1849 alipata hati ya serikali ya Ufaransa ya kulinda uvumbuzi wake. Mpaka leo, miaka zaidi ya 170, geji nyingi za msukumo zina bomba lile lile ndani. Hata geji ya fundi wa tairi, ile yenye uso wa saa, huenda ni ndugu yake.

Sasa tuingie katika motokaa. Gari la Ford lililoitwa Model T lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1908, likatengenezwa mpaka mwaka 1927. Yalitoka magari milioni 15. Gari hilo halikuwa na geji ya maji wala ya oili. Kujua petroli iliyobaki, dereva aliinua kiti, akafungua tenki, akachovya kijiti. Kujua oili, alijipenyeza chini ya gari na kufungua vikoki viwili: oili ikitoka katika kile cha chini tu, ipo kidogo, isipotoka katika chochote, kuna hatari. Joto la maji alilijua rejeta ilipoanza kutoa mvuke, yaani alipokuwa amekwisha kuchelewa.

Ndipo akatokea Harrison Boyce, mtu wa Marekani. Mwaka 1912 aliomba hati ya kipimajoto chake kilichofungwa juu ya kifuniko cha rejeta. Kilisimama mbele kabisa, nje, na dereva alikitazama kupitia kioo. Ulikuwa mstari mwekundu tu katika bomba la kioo: ukipanda, maji yanapata moto. Watu wakakinunua kwa wingi sana. Hapo, ndugu msomaji, pana jambo la kuliangalia vizuri. Kiwanda kilichouza gari hakikuweka kipimo. Mwenye gari alikwenda dukani akanunua kipimo kwa fedha yake, akakifunga mwenyewe. Desturi hiyo haijaisha mpaka leo, kama tutakavyoona.

Baada ya hapo viwanda vikaanza kuweka geji ndani, mbele ya dereva. Geji ya mwendo ilitokana na kazi ya Otto Schulze wa Strasbourg, aliyepata hati yake mwaka 1902. Zikafuata geji za petroli, oili, maji na umeme. Dashibodi ya lori ikajaa nyuso kama ukuta wa duka la saa.

Lakini mambo hayakuendelea hivyo. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Hudson ya Marekani iliondoa geji ya oili na ya umeme katika magari yake, ikaweka taa. Kampuni nyingine zikafuata baadaye. Taa ni rahisi kuliko geji, na walisema mtu wa kawaida hana haja ya kusoma nambari. Madereva wa Marekani wenyewe walizipa taa hizo jina la dharau: taa za wajinga.

Mimi sikubaliani na dharau hiyo. Taa si mbaya. Taa humwita mtu anayetazama barabara, na geji haimwiti mtu. Ubaya wa taa ni kwamba ina maneno mawili tu, salama na hatari, na neno la pili hulisema mwishoni. Katika magari mengi taa ya oili huwaka msukumo unaposhuka chini ya ratili 7 hivi. Injini iliyopata moto ikiwa barabarani kwa kawaida huwa na ratili 40 au zaidi. Basi tazama: msukumo unashuka kutoka 40 hadi 30, kutoka 30 hadi 15, na taa imelala. Mwenye geji angeuona mshale ukishuka na kusema, "Leo kuna kitu." Na kama balbu imeungua, taa hainyamazi tu, inadanganya. Kwa hiyo ufungulie swichi kabla hujawasha injini, utazame: taa zote za hatari lazima ziwake kwanza. Isiyowaka, mwite fundi. Kama sote tungefanya hivyo asubuhi ile, vitabu vingefika Iringa siku ile ile.

Njia hiyo hiyo ya Kitonga ina historia yake, nami sitaipita bila kuitaja. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, ilijitangazia uhuru bila ridhaa ya Uingereza. Mwezi uliofuata mafuta ya kwenda Zambia kupitia huko yakakatika. Zambia haina bahari. Basi malori yakaanza kupakia mapipa ya mafuta Dar es Salaam na kuyapeleka kusini-magharibi, kupita Morogoro, Iringa na Mbeya. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya udongo: vumbi wakati wa kiangazi, matope ya kuzamisha magurudumu wakati wa masika. Malori mengi yaliharibika na watu wakafa. Kwa Kiingereza njia ile iliitwa kwa jina lenye maana ya mbio za jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilipoanza kazi, mzigo wa mapipa ukapungua.

Dereva wa siku zile alikuwa na geji moja aliyozaliwa nayo, yaani mwili wake. Masikio yalisikia injini ikigonga. Pua ilinusa klachi inayoungua. Mguu uliokuwa juu ya bati ulihisi mtetemo. Elimu hiyo ni elimu ya kweli, na madereva wazee wanayo hata leo. Lakini kuna moto ambao mwili hauusikii, na moto huo uliletwa na tabo.

Tabo ni kitu gani? Ni feni mbili zilizofungwa katika ekseli moja. Moshi wa moto unaotoka katika injini huzungusha feni ya kwanza. Ya pili huvuta hewa ya nje na kuishindilia katika silinda. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi huweza kuungua, na gari hupata nguvu. Mswisi Alfred Büchi aliandikisha wazo hilo mwaka 1905. Volvo ya Sweden ilitoa lori lake la dizeli lenye tabo mwaka 1954, na leo karibu kila lori kubwa la dizeli linayo. Tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, nayo huzunguka ndani ya moshi wenye moto mkali.

Kupima moshi huo, kipimajoto cha zebaki hakifai, maana zebaki yenyewe huchemka kabla ya kufika digrii 400. Hapa tunamshukuru Thomas Johann Seebeck. Mwaka 1821, akiwa Berlin, aliunganisha madini mbili tofauti zikawa pete, akatia moto mahali pamoja pa kuungana. Sindano ya dira iliyokuwa karibu ikasogea! Moto ulikuwa umezaa umeme. Umeme huo ni mdogo mno. Kwa waya zinazotumika katika magari, joto la digrii 700 hutoa kama sehemu 29 tu katika 1,000 za volti moja. Lakini sehemu hizo zinatosha kusukuma mshale.

Basi, mwaka 1989 kampuni ya Dodge ya Marekani ilianza kuuza gari la pikapu lenye injini ya dizeli ya Cummins yenye tabo. Lilikuwa gari la mtu wa kawaida, mkulima au fundi wa ujenzi, lakini lilivuta trela zito la ng'ombe au la mashine. Malori makubwa ya Marekani yalikuwa na geji ya moshi tangu zamani. Pikapu haikuwa nayo. Hata geji ya kuonyesha tabo inashindilia hewa kiasi gani haikuwamo.

Katika jimbo la Colorado kuna barabara kuu inayopanda mpaka handaki la Eisenhower, zaidi ya mita 3,300 juu ya bahari. Huko juu hewa ni kama theluthi mbili tu ya hewa ya pwani. Mwenye pikapu anapanda na trela lake, anakanyaga mafuta mpaka mwisho. Dizeli inaingia nyingi, hewa haitoshi, moshi unazidi kuwa moto. Geji ya maji imetulia katikati, haina habari. Pistoni za injini nyingi ni za alumini, nayo alumini huyeyuka kwenye digrii 660. Moshi ukipita 700 kwa muda mfupi pistoni haiyeyuki, kwa sababu hupozwa na oili kutoka chini na hewa mpya kutoka juu. Ukidumu hivyo mlima mzima, ni hatari. Kwa hiyo wengi wao wamejiwekea mpaka wa kama digrii 700. Mshale ukikaribia, wanaondoa mguu kidogo au wanashusha gia.

Watu hao wakafanya kama wenzao wa Model T: wakanunua geji dukani. Swali likawa, zikae wapi? Dashibodi imejaa. Chini ya magoti hazionekani. Wakaona pale pembeni ya kioo cha mbele, kwenye nguzo inayoshika paa. Viwanda vidogo vikaanza kutengeneza ganda la plastiki lenye umbo la nguzo hiyo, lenye vikombe viwili au vitatu vya milimita 52. Geji huingia katika kikombe kama yai katika kiota. Dereva hageuzi kichwa. Jicho linatoka barabarani hatua moja tu na kurudi.

Kazi ya kufunga ganda si ngumu, lakini kazi ya kupeleka habari kwenye geji inahitaji fundi mwenye subira. Kwa geji ya moshi, fundi hutoboa tundu katika chuma kinachokusanya moshi kabla haujaingia katika tabo. Injini imezimwa na imepoa. Hupaka grisi ncha ya keekee ili vumbi la chuma lishikwe, kisha hupitisha sumaku tunduni. Punje moja ya chuma ikiingia katika tabo itakata mapanga yake. Waya hupitishwa katika ukuta wa bati kwa tundu lenye mpira, usije ukachunwa na kuleta moto, na waya wa umeme huwekewa fyuzi yake. Taa ya geji huunganishwa na taa za dashibodi, ili usiku isimpofushe dereva.

Mambo mawili yamewaumiza watu. La kwanza, wengine walipitisha bombo jembamba lenye oili ya moto mpaka ndani ya chumba cha dereva. Likipasuka, oili humwagikia mapajani. Leo kuna geji zinazopokea habari kwa waya tu, nazo ni bora. La pili, magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya mwisho ya 1990 yana mfuko wa hewa wa kuokoa watu katika ajali, uliofichwa katika nguzo hiyo hiyo na ukingo wa paa. Ganda likifungwa juu yake, siku ya ajali mfuko hautatoka sawasawa, au utalirusha ganda usoni. Katika magari hayo geji huwekwa juu ya dashibodi.

Na jambo la kwetu: ganda lililotengenezwa kwa gari la Marekani ni la nguzo ya kushoto, maana usukani wao uko kushoto. Tanzania, Kenya na Uganda usukani uko kulia. Usilipe fedha kabla hujaliangalia.

Sasa nirudi kwa yule mzee. Nilimkuta tena baada ya muda, akiendesha lori la tajiri mwingine. Pembeni ya dashibodi alikuwa amefunga geji mbili, ya oili na ya maji, kwa fedha yake mwenyewe. Nikamwuliza, "Mzee, gari si lako, mbona umetoa fedha yako?" Akacheka. "Gari si langu, mwanangu. Lawama ndiyo yangu." Kisha akatoa daftari chini ya kiti. Alikuwa amejifunza kuandika katika darasa la jioni. Kila safari aliandika mahali, mzigo, na mishale ilisema nini: "Kitonga. Kupanda. Tani 10. Oili 45. Maji 92." Ukurasa baada ya ukurasa, Kitonga ilikuwa 45, 45, 44, 45. Ukurasa wa mwisho ulikuwa 36. Siku hiyo alimwonyesha tajiri daftari, wakafungua injini, wakakuta pampu ya oili imelika. Wakabadilisha pampu peke yake.

Nambari yake ya 45 si ya kila gari. Lori lingine huenda likawa na 60 na likawa zima, jingine likawa na 35 tangu siku lilipotoka kiwandani. Mzee hakuwa na kitabu cha kiwanda. Alilisoma lori lake mwenyewe mpaka akalijua.

Kazi ya juma hili. Tafuteni gari, trekta au mashine ya kusaga unga yenye geji. Ombeni ruhusa kwa mwenyewe. Chora duara katika daftari lako, andika nambari zote unazoziona, na uchore mshale mahali ulipo injini ikiwa baridi. Ngoja injini ipate moto, chora tena. Andika tarehe. Jambo hilo lifanyike siku tatu, na daftari liletwe darasani.